"Hii ni muziki ya wazungu"

Mlinzi wa mlangoni alikuwa Mkongomani wa Bukavu. Tulitambuana kwa Kiswahili pale foleni ilipokwama kwa sababu yangu, simu imegoma kufungua tiketi na mimi naisonya kwa sauti. Ukumbi ulikuwa mdogo, wa watu kama mia tatu, kwenye mji mmoja wa kaskazini mwa Ulaya ambako nilikuwa nimekwenda kwa shughuli nyingine kabisa. Rapa wa usiku ule alikuwa mweusi kutoka New York. Simtaji, kwa sababu kisa hiki si chake. Mlinzi alinivuta pembeni wengine wapite, akanitazama kama mtu aliyemkuta mdogo wake kwenye mtaa wasikomjua.

"Ndugu, unakuja kusikiliza hii? Hii ni muziki ya wazungu."

Nikacheka. Nikamwambia anayeimba ni mweusi kama sisi.

"Anayeimba, ndiyo. Lakini mimi nakaa hapa mlangoni. Naona wenye kuingia."

Ndani nikahesabu weusi. Ni tabia mbaya, lakini kila mweusi aliyewahi kusafiri huko anaijua: unaingia mahali, unahesabu, ndipo unavua koti. Tulikuwa saba, nikijumlisha rapa mwenyewe na dada aliyekuwa akiosha bilauri nyuma ya kaunta. Na wale wengine walikuwa wasikilizaji wazuri, siwezi kuwasingizia. Mistari waliijua kwa moyo. Kulikuwa na wimbo mmoja ambao kiitikio chake kina lile neno la N, tusi la kibaguzi dhidi ya Weusi ambalo Mzungu hatakiwi kulitamka. Kila tulipolikaribia midomo yote ilifumbwa kwa pamoja, rapa akabaki analisema peke yake, kisha sauti zikarudi. Hawakuwa na la kufanya. Mwaka 2018, kwenye tamasha moja la Alabama, rapa Kendrick Lamar alimpandisha jukwaani binti wa Kizungu amsaidie kuimba, binti akalitamka neno lile kama lilivyo kwenye wimbo, na shoo ikasimama hapo hapo. Kwa hiyo wenzangu wa usiku ule walikuwa na adabu zao. Ila mimi nimekulia kwenye ngoma ambazo mwitikiaji ana kazi sawa na mwimbaji, na kile kimya nilikisikia kama pengo la jino la mbele.

Rap ya aina hii ina majina yake. Kuna JPEGMAFIA, Danny Brown wa Detroit, billy woods, Moor Mother wa Philadelphia, Death Grips wa Sacramento, clipping. wa Los Angeles, Shabazz Palaces wa Seattle. Kabla yao walikuwapo Anti-Pop Consortium wa New York na Dälek wa Newark. Biti zinakatika kabla hujazizoea, mashine zinalia kama uko gereji, mtu anachana dakika nne bila kiitikio. Wachambuzi wanaiita rap ya majaribio. Na kwa zaidi ya miaka 20 watu wa ndani ya hip hop ya Marekani wamekuwa wakinong'ona kile alichokisema mlinzi bila kupunguza sauti, kwamba jukwaa ni jeusi na ukumbi ni mweupe.

Bakari Kitwana, mwandishi wa Marekani, aliliandika waziwazi mwaka 2005 katika gazeti la Village Voice. Yeye alikuwa anazungumzia rap ya kisiasa, ile ya kuamsha Weusi, ambayo kwenye shoo zake walioamka walikuwa Wazungu watupu. Makala yake aliipa jina la Cotton Club. Kwa asiyeijua, hiyo ilikuwa klabu ya Harlem ambako bendi ya jazi ya Duke Ellington ilipiga kuanzia 1927 hadi 1931. Wanamuziki walikuwa weusi, wacheza shoo weusi, wahudumu weusi, na kitongoji chenyewe cheusi, lakini wateja ni Wazungu. Mweusi alikuwa na ruhusa ya kuingia kwa mlango wa kazi.

Leo hakuna anayezuiwa. Mlinzi wangu angempitisha yeyote mwenye tiketi. Ndiyo maana swali ni gumu kuliko la mwaka 1927, na ndiyo maana majibu mengi yanayotolewa ni mabovu.

La kwanza, ambalo husemwa kwa lugha laini sana, ni kwamba Weusi hawana hamu na vitu vigumu. Wanataka cha kucheza, wanataka cha redioni. Jibu hili ukilishika tu linakuvunjikia mkononi. Mwaka 1988 kundi la rap la Public Enemy lilitoa albamu ya pili iliyojaa ving'ora na mlio kama wa birika lililosahaulika jikoni, ukirudia na kurudia mpaka jirani agonge ukuta. Ile ni kelele hata kwa kipimo cha leo. Ikafika kileleni mwa chati ya Billboard ya albamu za Weusi, wakati kwenye chati ya jumla haikuingia hata thelathini bora. Kule Houston, miaka ya tisini, DJ Screw alikuwa akizipunguza kasi nyimbo mpaka sauti za waimbaji zinageuka za majitu yenye usingizi. Watu walipanga foleni nyumbani kwake kununua kaseti, na magari ya mitaa ya Weusi yakapita taratibu yakizipiga. Mwaka 1997 rapa Missy Elliott na mtayarishaji wake Timbaland walileta midundo iliyokuwa inachechemea makusudi, na redio za Weusi zikaipiga asubuhi hadi usiku. Hakuna aliyeviita vitu hivi majaribio. Vilikuwa muziki tu.

La pili ni kwamba wasanii wamejiuza kwa Wazungu. Hili ni la kijiweni, na sitalipotezea muda. Anayetaka kujiuza kwa Wazungu ana njia nyepesi kuliko kurap juu ya mlio wa grenda.

Kuna jibu la tatu, la hesabu, na hili lina uzito wake. Weusi ni kama asilimia 13 au 14 ya Wamarekani. Ukijaza ukumbi wa watu 500 bila kubagua wala kupendelea, watakuwa takriban 70. Ukumbini panaonekana peupe hata pale ambapo hakuna lolote lililoharibika. Sawa. Lakini ukikuta kumi, wale sitini wamekwenda wapi? Na tuwe waangalifu na namba katika mjadala huu. Ile inayorudiwa kila siku, kwamba asilimia 70 au 80 ya wanunuzi wa rap ni Wazungu, ilishika kasi baada ya 1991, Billboard ilipoanza kutumia SoundScan, mfumo wa kuhesabu mauzo kwa kusoma msimbo wa bidhaa kwenye kaunta. Mwezi Juni mwaka huo kundi la rap la N.W.A likaibuka namba moja ya chati kuu, na kila mtu akaguta kuwa watoto wa vitongoji vya Wazungu wananunua. Huenda ni kweli. Ila mashine inasoma kasha, haisomi uso wa mnunuzi, na mashine zenyewe zilijaa kwenye maduka makubwa kuliko kwenye viduka vya mitaani walikonunua Weusi. Kitwana aliihoji namba hiyo zamani. Bado inatembea.

Mimi nadhani mlinzi ndiye aliyetazama mahali panapostahili, yaani mlangoni, na njia inayofika pale.

Anza na redio. Mpaka katikati ya miaka ya tisini kampuni moja Marekani haikuruhusiwa kumiliki zaidi ya vituo 40 nchi nzima. Sheria ya mawasiliano ya 1996 ikaondoa kikomo hicho, na katika miaka michache kampuni ya Clear Channel peke yake ikawa na vituo takriban 1,200. Vituo vya Weusi vikamezwa pamoja na vingine. Mtangazaji wa usiku aliyekuwa anaweza kuweka sahani ya ajabu kwa sababu tu ameipenda akapewa orodha ya nyimbo kutoka makao makuu. Public Enemy walipita kabla mlango huo haujafungwa. Anti-Pop Consortium, walioanza 1997, wakaukuta umefungwa.

Wakaenda wapi? Walikofunguliwa. Mwaka 2002 albamu yao ilitolewa na Warp, lebo ya Uingereza iliyojengwa na muziki wa kompyuta. Mwaka huo huo Dälek walitoa yao Ipecac, lebo ya Mike Patton, mtu wa roki. Shabazz Palaces mwaka 2011 wakatokea Sub Pop ya Seattle, ile iliyowatoa Nirvana, bendi ya roki, na clipping. wakafuata hapo hapo. Danny Brown, Mweusi wa Detroit hadi kwenye unyayo, alipotaka kutoa albamu yake ya ajabu kuliko zote mwaka 2016, naye akaishia Warp. Lebo si bomba tupu la kupitishia nyimbo. Ina wateja wake wa miaka mingi, ina maduka yanayoiamini, waandishi wanaopokea simu zake, kumbi zinazoijua, redio za vyuo vikuu. Ukiingia kwa mlango wa lebo ya roki unarithi sebule ya roki na waliokaa ndani yake. Ziara yako itapita Portland na Minneapolis na Berlin. Utatangulia jukwaani kabla ya bendi ya magitaa. Atakayekuandika ni jarida linalosomwa na watu wale wale.

Kisha ukaja mtandao, ambao tuliambiwa utafuta haya yote. Haukufuta. Death Grips walikuwa watoto wa mtandao kabisa. Mwaka 2012 wao wenyewe waliimwaga albamu yao bure mtandaoni bila idhini ya Epic, kampuni iliyokuwa na mkataba nao, ikawatimua. Mapema mwaka huo Anthony Fantano, mchambuzi wa YouTube, alikuwa amewapa alama 10 kati ya 10, na vijiwe vya 4chan, mtandao wa mijadala ya watu wasiojitaja, vikawafanya wafalme. Vijiwe hivyo navyo vina wenyewe, kama kijiwe chochote.

Ndipo nafika kwenye ninalotaka kusema. "Majaribio" si jina la sauti. Ni jina la ukumbi. Muziki wa ajabu wa Weusi ukiwa mbele ya Weusi unapewa jina la mtaa wake au la dansi yake. Ukihamia mbele ya Wazungu unaitwa majaribio, na jina hilo linakuwa kibao cha mlangoni kinachowaambia Weusi wengine kuwa hapa si kwenu. Kibao kinavuta wale wale, nao wanakikaza misumari.

Sisi wa Dar tunalo jambo hili sebuleni kwetu. Studio ya Sisso iko Mburahati. Singeli inayotoka pale inakwenda kasi ya midundo mia mbili na zaidi kwa dakika, sauti imebanwa hadi inalia kama cherehani. Nimeisikia kwenye kigodoro, mtaa umefungwa na spika zimepangwa juu ya meza ya bucha. MC yuko na maiki ya waya anataja majina ya waliochanga, vumbi lipo magotini, na mama muuza vitumbua anakata kiuno na beseni lake kichwani halidondoki. Hakuna mtu pale aliyekuwa anajaribu kitu. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikakusanya nyimbo za studio ile kwenye albamu moja, ikaipeleka nje, na vijana wa Mburahati wakaanza kupiga kwenye matamasha ya Ulaya. Huko waliandikwa kwenye ukurasa mmoja na watunzi wa muziki wa kompyuta, kama watu wa mstari wa mbele wa sanaa. Vizuri, wamelipwa, wamepanda ndege. Lakini sauti haikubadilika hata chembe kati ya Mburahati na huko. Kilichobadilika ni nani amesimama mbele ya spika. Mama wa vitumbua hajui mpaka leo kuwa alikuwa anacheza sanaa ya majaribio.

Sasa, je, ni tatizo? Wapo wanaosema pesa haina rangi, na nusu ya hoja yao naikubali. billy woods ana lebo yake mwenyewe, Backwoodz, anatoa anachotaka, hana bosi wa kumwambia aongeze kiitikio. Uhuru huo unalipiwa na watu wanaonunua sahani na tiketi, na wengi wao ndio hao. Msanii ana kodi ya nyumba. Mimi sina ubavu wa kumwambia achague nani amlipie.

Shida yangu iko kwenye usikilizaji. Chukua Death Grips. Kati ya watu watatu waliokuwa kwenye kundi lile mwaka 2012, mweusi alikuwa mmoja, Stefan Burnett anayejiita MC Ride, na yeye ndiye anayepiga kelele. Anapiga kelele za mtu anayewindwa, kifua wazi, macho yanatazama nyuma. Mbele yake vijana wanarukaruka na kugongana mabega kwa furaha. Sisemi hawana haki ya kufurahi. Nasema hofu ya mtu mweusi imepita hewani hatua tatu tu kutoka jukwaani, na ilipotua imekuwa starehe. Mwaka 2005 mchekeshaji mweusi wa Marekani, Dave Chappelle, aliacha kipindi chake cha televisheni chenye mkataba wa dola milioni 50, akaenda zake Afrika Kusini. Baadaye alieleza kwamba walipokuwa wanarekodi kichekesho kimoja kuhusu rangi, Mzungu mmoja pale studio alicheka kwa namna iliyomshtua. Kicheko kimoja tu. Rapa wa majaribio anakisikia kila Ijumaa.

Wanajua, na wanakiweka kwenye kazi. Mwaka 2023 JPEGMAFIA na Danny Brown walitoa albamu ya pamoja ambayo jina lake, kwa Kiswahili cha mtaani, ni kuwatisha mademu. Linatokana na utani wa mtandaoni: jamaa kwenye pati anashika spika, anaweka muziki wake wa ajabu, wasichana wanabeba pochi zao wanaondoka. Wengi wameuchukua kama utani tu. Mimi nasikia ndani yake malalamiko ya watu waliotolewa kwenye pati ya nyumbani kwao, wakapokewa kwa shangwe kwenye pati ya jirani, na sasa wanapiga muziki dirishani wakitumaini wa nyumbani watachungulia.

Tena mjadala wote huu unakwenda kana kwamba dunia ina watu wa aina mbili, Wazungu wa Marekani na Weusi wa Marekani. billy woods ni mtoto wa Mzimbabwe, na sehemu ya utoto wake aliishi Zimbabwe baada ya uhuru. Kwenye albamu yake ya 2022 kuna wimbo unaoanza na mtu anayedhani jirani yake ni Mengistu Haile Mariam. Nilipousikia mara ya kwanza nilikuwa kwenye mwendokasi, nimesimama, nikaangua kicheko hadi mzee wa mbele akageuka. Mengistu, aliyekuwa dikteta wa Ethiopia, alikimbilia Harare mwaka 1991 na kupewa nyumba. Mtoto wa Kiafrika anayechungulia ukuta wa dikteta mstaafu si fumbo kwetu, ni habari ya mtaani. Mstari huo ukitua kwenye ukumbi wa watu wasiomjua Mengistu unaitwa ushairi mgumu. Sisi tunaoucheka hatumo ukumbini, maana ziara haziji huku, viza haitoki, na hata kununua albamu mtandaoni kunataka kadi ya benki ambayo wengi hawana.

Usiku ule nilitoka nikamkuta mlinzi kwenye kituo cha tramu, zamu imekwisha, kofia imeshuka hadi masikioni. Nikamwambia nina wimbo mmoja, tusikilize, dakika mbili tu. Tukagawana visikilizi, kimoja kwangu, kimoja kwake. Ni wa rapa wa Marekani, Earl Sweatshirt, wa mwaka 2018, na ndani yake yeye hachani hata neno. Zimo sauti mbili zinazopokezana. Moja ni ya mama yake, Cheryl Harris, profesa wa sheria aliyeandika mwaka 1993 makala maarufu kuhusu jinsi weupe ulivyogeuzwa mali katika sheria za Marekani. Makala hiyo inaanza na bibi yake, mweusi aliyekuwa akijipitisha kama Mzungu kila siku ili afanye kazi kwenye duka kubwa la Chicago, anyamaze, arudi jioni. Sauti ya pili ni ya baba, Keorapetse Kgositsile, mshairi wa Afrika Kusini. Alikimbilia Dar es Salaam mwaka 1961 na kuandikia jarida la Spearhead, akaenda Marekani, akarudi Dar kufundisha Chuo Kikuu katika miaka ya sabini. The Last Poets wa Harlem, wanaohesabiwa mababu wa rap, jina lao walilitoa kwenye shairi lake. Alifariki Januari 2018, kabla mwanawe hajamsikilizisha wimbo huu.

Mama anatoa shukrani mbele ya hadhira. Baba anasoma shairi la wakimbizi. Mlinzi aliniuliza mzee anasema nini, nikamfasiria: kwamba kama kuharibu ramani zote kungeifuta mipaka iliyoko duniani, basi tuwashe moto. Mtu wa Bukavu hahitaji maelezo ya ziada hapo. Akanyamaza, kisha akaniomba niurudishe mwanzo.

Safari ya pili alikuwa anamsikiliza mama zaidi kuliko baba. Akaweka kidole juu ya kisikilizi, akakikandamiza.

"Huyu mama anaongea na watu," alisema. "Uko unasikia? Iko watu ndani. Ni watu wa namna gani?"

Tramu yake ikaingia.